Mgeni siku ya tatu mpe jembe... ya elfu tatu je?

Wiki nyingine hiyo imekatika na mimi nipo hapa hapa kilimani, Karagwe, naangalia migomba na pikipiki zinavyopishana.

Leo nina neno na nyie mnaoota kwenda majuu. Zamani ndoto ilikuwa Uingereza na Marekani. Siku hizi kijana wa Kayanga au Omurushaka akipiga hesabu zake anakwambia: China, mwanangu! Wapo Watanzania wanaosoma huko, na si Beijing na Shanghai tu. Wengine wametupwa bara kabisa, kwenye miji ambayo Wachina wenyewe wanaiita midogo. Midogo kwao, lakini! Mji mdogo wa China unaweza kuwa na watu zaidi ya milioni moja, wakati mkoa wetu mzima wa Kagera, kwa sensa ya mwaka 2022, haukufika milioni tatu.

Sasa hadithi za miji hiyo zinafanana. Ukipita sokoni watu wanageuka. Mmoja anakupiga picha kwa kujiiba, mwingine anataka kushika nywele zako aone kama ni za kweli, na mtoto anakukodolea macho mpaka anajikwaa. Kama hukupanga hoteli, sheria inakutaka uripoti polisi ndani ya saa 24 kwamba umefikia nyumba fulani. Kibali cha kuishi nacho kimefungwa kwenye shule au kazi yako. Ukifukuzwa shule, na kibali kwaheri.

Kijiweni tukisikia hayo tunaruka juu: "Washamba hao Wachina!" Taratibu jamani. Mzungu akishuka kwenye basi hapa Omurushaka nani anamwita kwa jina lake? "Mzungu! Mzungu!" kuanzia stendi mpaka gesti. Mchina wa kampuni ya barabara akiingia dukani kununua soda, si tunamwigizia lugha yake pale pale mbele ya uso wake, halafu tunacheka? Hata Mtanzania mwenzetu aliyeletwa na ajira, mwalimu wa kutoka Lindi au nesi wa kutoka Dodoma, hapa Kagera anaweza kuishia kuitwa mnyamahanga, yaani mtu wa nchi za mbali. Kisa? Hajui salamu ya kienyeji na anauliza ndizi zinaliwaje mchana na usiku!

Wakati ugeni huku kwetu una historia ndefu kuliko pasipoti. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mtawala Rumanyika pale Bweranyange wakitafuta chanzo cha mto Nile. Speke mwenyewe aliandika kwamba mfalme aliwaamkia kwa Kiswahili kizuri. Fikiria, mwaka 1861! Walishikana mikono, wakapewa mahali pa kukaa, na maswali ya mfalme kuhusu kwao yakawa hayaishi.

Januari 1862 Speke akaendelea kwenda Buganda. Grant mguu ulimvimba vibaya, akashindwa kutembea, akabaki. Alikaa Karagwe hiyo karibu miezi mitatu, mgonjwa, peke yake kati ya watu ambao lugha yao haijui, akitibiwa kwa dawa za wenyeji. Ndipo Aprili akabebwa kwenda kumfuata mwenzake. Mgeni mgonjwa ni mzigo, kila mwenye nyumba anajua. Huyu hakutupwa njiani.

Na hawakuwa wa kwanza. Pale Kafuro kulikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na watu wa Pwani waliofuata pembe za ndovu. Biashara yao ilikuwa na watumwa ndani yake, hilo tusilifunike. Lakini walijenga, wakalima, wakakaa miaka. Stanley alipopita mwaka 1876 aliwakuta.

Sasa tuje kwenye jambo zito, maana utani una mwisho. Kuanzia mwaka 1959 Wanyarwanda walikimbia vurugu za kwao wakavuka mto Kagera kuja huku. Wengine waliwekwa makazi ya Nkwenda na Kimuli, ambayo sasa yako Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Walipewa ardhi, wakalima, wakazaa. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza uraia kwa maelfu ya wakimbizi wa Kinyarwanda. Dunia nzima ilitusifu.

Mwaka 2013 upepo ukageuka. Julai, Rais Kikwete alitoa amri hapa hapa Kagera kwamba wahamiaji haramu waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Majambazi walikuwepo kweli, wenye mabasi wanakumbuka, na mifugo ilikuwa inaingia bila mpangilio. Lakini katika maelfu waliovuka mto walikuwemo watu walioishi huku miongo, wengine wameoa na kuolewa hapa. Baba upande huu, mama upande ule. Majina yanafanana, ng'ombe wenye pembe ndefu ni wale wale, lugha zinasikilizana. Mpakani swali la "wewe ni wa wapi" halijibiwi kwa sura. Linajibiwa kwa karatasi, na kabla ya karatasi, kwa mdomo wa jirani.

Hapo kwenye mdomo wa jirani ndipo ninapowashika nyie vijana. Ukiwa na ugomvi wa shamba na mtu, au amekuzidi biashara, au amekukatalia dada yake, ni rahisi sana kusema "huyu si wa hapa". Neno dogo hilo. Linaweza kumvunjia mtu nyumba aliyoijenga miaka thelathini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunausoma msemo huo kama masimango, eti mgeni amechosha. Hebu usome tena. Jembe maana yake ni shamba, na shamba maana yake umeshaingizwa kwenye hesabu ya nyumba. Aliyelima na wewe miaka thelathini unamwitaje mgeni?

Kwa hiyo wewe unayefunga begi kwenda bara la China, jifunze salamu zao kabla ya kujifunza bei, karatasi zako ziweke sawa, na wakikupiga picha, tabasamu. Na wewe unayebaki Kayanga, muulize yule nesi jina lake. Analo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.