ANAYENYAMAZA SI MSALITI



Twajua sote mkutano unavyokuwa. Mwenyekiti akiuliza nani ana neno, wengine husimama mara mbili, na mwenzetu mmoja kule nyuma huinamisha kichwa. Halafu njiani twasema: yule anaringa, ama amenunuliwa na tajiri. Mara nyingi twamwonea.

Kuna ugonjwa wa hofu ya watu. Mtu huogopa kutazamwa: kusema mkutanoni, kula mbele ya wenziwe, hata kutia sahihi karani akimwangalia. Moyo humwenda mbio, sauti humkwama. Lakini akiwa na rafiki zake wawili watatu hucheka na kupiga soga, na mara nyingi anajua ya kuwa hofu yake imepita kiasi.

Kuna na hali nyingine, ambayo twaweza kuiita hulka ya kujiepusha. Huyu tangu ujana amesadiki kwamba yeye ni duni na kwamba watu watamdharau. Hamkaribii mtu mpaka awe na hakika ya kupendwa. Hata unyapara aweza kuukataa kwa kuogopa lawama. Kwake shida si mkutano tu, bali ni kila urafiki.

Madaktari wa Marekani waliziandika hali hizi mbali mbali katika kitabu chao cha mwaka 1980, ingawa wengi wanazo zote mbili. Kuzipambanua ni kazi ya daktari, si yetu. Zote husaidika kwa mazungumzo na mtaalamu na kuzoezwa pole pole. Ya pili kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi.

Chama kinahusikaje? Asiyeweza kusema hupoteza kazi bila kujitetea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbaya, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu. Mfanya kazi ana haki ya kuja na mwenzake, au mjumbe wa chama amtakaye, na huyo naye asikizwe.

Basi wajumbe wa Nakuru, Njoro, Molo na mashamba ya maua ya Naivasha, msingoje mnyamavu awaite. Mwendeeni faragha, mtu mmoja, si watano. Akisema maneno yatamkwama, keti naye myazoee kabla ya siku yenyewe. Akisema yeye hastahili kukisumbua chama, usikubali, rudi kesho. Ada yake ni sawa na ya msemaji.

Umoja ni nguvu.