Risasi Haiuawi na Moto

“Chemsha tu, yatakuwa salama.” Neno hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote kuhusu maziwa ya ng’ombe wanaolishwa kando ya migodi na madampo, kwa sababu nusu yake ni kweli. Moto huua vijidudu vya kifua kikuu na brusela. Lakini risasi inayotoka huko migodini na madamponi ni metali: haifi, wala haitoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale. Kugandisha mtindi hakuiondoi, na kwenye jibini huongezeka, maana hushikana na protini inayoganda.

“Mvua huosha majani.” Huosha vumbi la juu, basi. Kiangazi, nyasi zikiwa fupi, ng’ombe hung’oa na mizizi na kumeza udongo. Kabwe, kaskazini mwa Lusaka nchini Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994 baada ya takriban miaka 90. Muda mrefu baadaye, watafiti waliopima maini na figo za ng’ombe wa huko walikuta risasi na kadimiamu (metali nyingine yenye sumu) nyingi kuliko za ng’ombe wa miji mingine. Hapo amejibiwa pia anayesema mgodi ukifungwa yameisha.

“Ng’ombe mwenye sumu angekufa.” Anayekufa upesi ni yule aliyelamba betri ya gari iliyotupwa: anapofuka, anasaga meno, anagandamiza kichwa ukutani. Anayemeza kidogo kidogo hula vizuri na hukamuliwa kila alfajiri. Risasi hufuata njia ya kalsiamu na kujificha mifupani. Ng’ombe akizaa, mwili huchota kalsiamu mifupani ili kutengeneza maziwa, na risasi hutoka nayo. Ndiyo maana kumhamishia malisho safi leo hakusafishi maziwa ya kesho.

“Kiwele huchuja.” Kwa kadimiamu, karibu ni kweli: nyingi huishia kwenye figo na maini, na mimi nisingempikia mtoto maini ya ng’ombe wa maeneo hayo. Risasi nayo hupita kidogo. Lakini kidogo kwa nani? Mtoto huweza kufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ukomo wa Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa maziwa ni miligramu 0.02 tu kwa kilo.

“Basi tuwanyime watoto maziwa?” Hapana! Mtoto aliyepungukiwa kalsiamu na madini ya chuma ndiye hufyonza risasi zaidi. Kazi ianzie malishoni: betri zote ziokotwe, dampo lizungushiwe uzio, majani yakatwe mbali na kifusi cha mgodi na kuwekwa kwenye hori, na ng’ombe wapimwe damu kabla maziwa yao hayajapelekwa sokoni.