Muhammad Ali Hakuwa Wetu

Bunju, hatua chache kutoka Barabara ya Bagamoyo, kuna saluni ya kiume iliyochorwa Muhammad Ali ukutani. Amevaa bukta nyeupe na glavu nyekundu, mdomo wazi. Mchoraji amempa mdomo mkubwa kuliko aliokuwa nao, na nadhani hilo ndilo jambo pekee alilolipatia. Chini pameandikwa MKUBWA KULIKO WOTE. Nimenyolewa chini ya maandishi hayo tangu nikiwa darasa la tano, na miaka yote hiyo niliyakubali kama abiria anavyokubali nauli ya daladala. Sasa nimekataa, na kukataa kwangu kumenigombanisha na baba mkubwa, kwa hiyo afadhali nijieleze kwa maandishi, maana kwa mdomo nimeshindwa.

Nianze na ngumi zenyewe, nisije nikaambiwa sijui mchezo. Ali wa kati ya 1964 na 1967 alikuwa moto. Mtu wa uzito wa juu anayecheza miguu kama wa uzito mwepesi, mikono iko chini, kichwa hakipatikani. Pambano lake na Cleveland Williams la Novemba 1966 nimelitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kumkiri msimamizi wangu wa tasnifu. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu unaanzia baadaye, kwenye ushindi ambao jina lilipigana zaidi ya mikono. Aprili 1976 alipewa pointi dhidi ya Jimmy Young, naye alikuwa mnene, mzito, hana hamu. Septemba mwaka huohuo akapewa tena dhidi ya Ken Norton, pale Yankee Stadium. Tazama pambano hilo bila sauti ya mtangazaji, kisha uniambie nani alishinda. Februari 1978 akapigwa na Leon Spinks, kijana aliyekuwa na mapambano saba tu ya kulipwa. Akaurudisha mkanda miezi saba baadaye, nakubali, lakini bingwa mkubwa kuliko wote hapaswi kuwa na kazi ya kuurudisha mkanda kutoka kwa mtu wa mapambano saba. Mapambano 61, ushindi 56: hizo ni hesabu za bondia mkubwa sana. Kwamba ni mkubwa kuliko wote ni maneno aliyoyasema yeye mwenyewe, tena mapema, kabla ya mtu mwingine kuyasema, na sisi tukaitikia.

Lakini saluni ya Bunju haikumchora kwa sababu ya pointi za majaji. Imemchora kwa sababu tunaamini alikuwa wetu. Alikataa kwenda kupigana Vietnam mwaka 1967 na akapokonywa mkanda. Alikuja Kinshasa Oktoba 1974, akamwangusha George Foreman raundi ya nane, na umati mzima ulikuwa upande wake. Foreman naye alikuwa mweusi, lakini alishuka uwanja wa ndege na mbwa wa aina ambayo Wabelgiji waliitumia kuwatisha watu, basi kosa hilo likamtosha. Hapa watu husahau nani alilipia sherehe. Ni Mobutu. Dola milioni tano kwa kila bondia, kutoka kwenye nchi ambayo Mobutu huyohuyo alishiriki kumwangusha Lumumba wake. Tunasimulia usiku ule kama ushindi wa Afrika. Mimi nauona kama tangazo la biashara la dikteta, lililochezwa vizuri sana.

Na kuna Joe Frazier. Ali alipokuwa amefungiwa, Frazier alimsaidia kwa fedha na kumtetea arudi ulingoni. Malipo yake yalikuwa kuitwa sokwe mbele ya dunia nzima. Kabla ya pambano la Manila la 1975, Ali alikuwa na sokwe wa mpira mfukoni na akimpiga makonde mbele ya waandishi. Kama mzungu angefanya hivyo, tungeandamana. Kwa kuwa ni Ali, tunacheka na kuiita saikolojia ya mchezo.

Sasa nifike Dar es Salaam, ambako ndiko hasa kunakoniuma.

Mapema Februari 1980, Muhammad Ali alitua hapa kwa ndege ya serikali ya Marekani. Hakuja kutembea. Alitumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan Desemba iliyotangulia. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Taarifa za wakati ule zinasema aliona ni dharau: rais wa taifa kubwa ana jambo la vita na amani la kuzungumza na Afrika, halafu anamtuma bondia. Ali akaishia kuzungumza na waziri wa vijana na utamaduni, na waandishi wa habari.

Waandishi walimwuliza swali ambalo mtoto yeyote wa Dar wa miaka ile angemwuliza. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, watoto wa Soweto wakiwa wanapigwa risasi. Nchi za Afrika zaidi ya ishirini, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zikasusia Olimpiki ya Montreal. Marekani ilikuwa wapi? Na huyo Msovieti unayetutaka tumsusie ndiye anayewapa silaha wapigania uhuru, ambao kamati yao ya ukombozi ina ofisi hapahapa mjini. Ali alishangaa. Alikiri kwamba hakuwa ameambiwa mambo hayo, na kwamba huenda anatumiwa vibaya.

Wanaompenda husimamia hapo: unaona, alikuwa mkweli! Mimi namwuliza tena: hakuambiwa? Huyu ndiye mtu aliyeeleza dunia nzima kwa nini haendi Vietnam, aliyezunguka Ghana, Nigeria na Misri mwaka 1964. Miaka kumi na sita baadaye hajui nani anawasaidia weusi wa Afrika Kusini? Na baada ya kukiri hivyo hakupanda ndege ya kurudi kwao. Aliendelea na safari: Nairobi, Lagos, Monrovia, Dakar. Kenya ilisusia Moscow. Sisemi ni Ali aliyesababisha, Rais Moi alikuwa na hesabu zake na Marekani. Lakini Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, hakukimbia Olimpiki hata moja maishani mwake: 1976 Kenya ilisusia, 1980 ikasusia tena.

Sisi tulikwenda. Filbert Bayi, ambaye Februari 1974 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch na ambaye Montreal ilimpita kwa sababu ya Soweto, alikimbia mita 3,000 za viunzi na maji. Aliongoza karibu mbio nzima, akapitwa mzunguko wa mwisho na Malinowski wa Poland. Fedha. Suleiman Nyambui akapata fedha nyingine kwenye mita 5,000, nyuma ya Yifter wa Ethiopia. Medali mbili. Hadi leo ninapoandika, Tanzania haijapata nyingine yoyote ya Olimpiki. Kama Ali angefanikiwa safari yake, tungekuwa na sifuri. Na ndiye tuliyemchora ukutani.

Nilimwambia baba mkubwa maneno haya Jumapili moja baada ya chakula. Yeye alimwona Ali mwaka 1980. Alikuwa na miaka kumi na minne, alikimbia kutoka Temeke hadi barabarani, akaona gari likipita na mkono ukipunga dirishani. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa mdogo, na haijawahi kuwa na neno Moscow wala neno Carter. Nilimwuliza: "Baba, unajua alikuja kufanya nini?"

Alikaa kimya, akasukuma sahani.

"Mwanangu, wewe umesoma. Mimi nilikuwa mtoto, nina kaptula moja. Nilichoona ni mtu mweusi anayeogopwa na kila mtu, anapita barabara yetu, ananipungia mimi. Aliyemtuma sikumwona."

Sikuwa na jibu, na bado sina la kumridhisha. Lakini sikubali kwamba hilo linamaliza hoja. Mkono uliopunga ulikuwa mkono wa mjumbe, na mtoto wa Temeke alistahili kuambiwa ujumbe wenyewe, kama si siku ile basi mwaka uliofuata, kama si nyumbani basi shuleni. Tangu Jumapili hiyo nikimwamkia, "Shikamoo baba", anaitikia "Marahaba, profesa", na hacheki.

Wiki iliyopita nilikwenda kunyoa. Rangi ya Ali imeanza kubanduka begani kwa sababu ya mvua, na kinyozi anataka ukuta upakwe upya kabla ya Ramadhani. Nikaona nafasi yangu imefika. Nikamwambia nitachangia gharama za mchoraji iwapo atamchora Filbert Bayi.

"Bayi yupi? Wa zile shule?"

"Huyohuyo. Mkimbiaji."

Nikamwonyesha picha kwenye simu: nyeusi na nyeupe, kijana mwembamba, fulana ya Tanzania, wenzake wako mbali nyuma. Kinyozi aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akanirudishia simu na kuwasha mashine.

"Kaka, huyu anakimbia. Mteja akikaa hapa anataka mtu anayemtazama usoni."

Nikainamisha kichwa anyoe kisogo. Mchango wangu nimemwambia uko palepale.