Fungate Arusha: Tuanze na Meru, Ngorongoro Itasubiri



Kila baada ya Idi, hapa dukani kwetu Lemara cherehani hazilali, na simu za mabibi harusi wa visiwani nazo hazilali. Bibi harusi anataka buibui, anataka gauni la walima, na swali la mwisho huwa lile lile: tukija fungate Arusha twende wapi? Hata hatujajibu, ameshatuma picha ya orodha aliyoipata mtandaoni. Serengeti, Ngorongoro, Tarangire, Manyara, siku tano. Ukimuuliza pesa, anasema mume ameshaongea na watu wa mkopo.

Hapo ndipo tunapogombana na hiyo orodha. Fungate ya mkopo hatuiungi mkono, hata upige picha na tembo mia. Orodha ile imeandikwa kwa mgeni anayekuja mara moja katika maisha yake. Wewe ni Mtanzania. Hifadhini unalipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni, na Ngorongoro haihami. Kinachomaliza pesa ni gari, mafuta, dereva na malazi. Kutoka mjini hadi Ngorongoro ni zaidi ya kilomita 150, na kushuka kreta gari lina ada yake mbali na kiingilio chenu.

Sisi yametukuta. Tulipofunga ndoa tulimlipa dalali mmoja wa safari pesa ya awali, na ndani yake mlikuwa na mahari ya bibi harusi mwenyewe, yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya cherehani ya pili. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliona haya kukosa picha. Asubuhi ya safari tukakaa tumevaa, mabegi mlangoni, hadi adhuhuri ikaadhiniwa. Simu yake haikupatikana siku ile wala baadaye.

Kesho yake mama mkwe akatuambia, nendeni basi mkapande gari la Ngare Nanyuki mpunge upepo. Tukashuka Usa River, tukabadilisha gari. Barabara ile inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ghafla twiga hao dirishani, na pundamilia nyuma yao, wanakula majani kama mbuzi wa jirani. Bibi aliyekuwa na kuku mapajani hata shingo hakugeuza. Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru, wa pili kwa urefu Tanzania, mita 4,566, hatukuwahi kufika hapo.

Tumerudi mara nyingi tangu hapo, kwa kiingilio na gari la kuchangia na wifi zetu. Ndiyo maana tunawaambia anzeni huko. Kuna kreta ya Ngurdoto: unaitazama kutoka ukingoni tu, hairuhusiwi kushuka, na wanyama wako chini humo bila kelele za gari. Kuna mbega weusi wenye mkia mweupe, ukiwaona wakiruka utadhani shela imepeperuka. Kuna maziwa ya Momella, maji yake ya magadi, kila ziwa na rangi yake, na flamingo wakiwa msimu wao. Asubuhi isiyo na mawingu unaiona Kilimanjaro upande wa pili. Simba usiwategemee. Lakini unaweza kutembea kwa miguu na mume wako, askari wa hifadhi mwenye bunduki akiwa mbele yenu, jambo ambalo ndani ya kreta ya Ngorongoro hulipati.

Mjini kuna Boma la Wajerumani na Makumbusho ya Azimio la Arusha la 1967. Nusu siku inatosha. Ziwa Duluti pale Tengeru ni zuri kwa jioni.

Sasa mavazi, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Buibui jeusi linaloburuza ni zuri ukumbini, si porini. Pindo liishie juu ya kiatu na mkono uwe na lastiki. Na kama baadaye mtajaliwa kufika Tarangire, nyeusi na buluu ziacheni nyumbani kabisa, kwa sababu mbung'o hufuata rangi hizo na wanauma hata juu ya nguo. Tushonee la rangi ya udongo au kahawia iliyofifia. Stara ni ile ile.

Swala pia ipangieni. Hifadhini huteremki kwenye gari popote unapotaka, ni sehemu maalumu tu, basi tokeni na udhu, chukueni mswala na chupa ya maji, na mwambieni dereva mapema mnataka kusimama saa ngapi. Nyinyi mnaotoka visiwani ni wasafiri. Habari ya kupunguza na kukusanya muulizeni shekhe wenu kabla ya kuondoka.

Bwana harusi akinuna kwa sababu rafiki zake walikwenda Serengeti, mwambie mtakwenda mkifikisha miaka mitano ya ndoa, inshaallah, kwa pesa yenu. Na mkija mwezi wa sita au wa saba leteni makoti mazito. Kila mwaka tunawaazima mabibi harusi sweta zetu, na mbili hazijarudi bado.