Shule ya Washonaji na Jukwaa Lake

Kila itajwapo michezo ya kuigiza katika ratiba ya shule, hawakosekani wenye elimu wakunjao uso. Husema kuwa mchezo ni mchezo na somo ni somo. Kwamba mtoto aliyevikwa joho la mfalme jioni hataweza hesabu yake asubuhi. Kwamba Waingereza, ambao shule zao zimeigwa katika nchi nyingi, walijenga elimu yao juu ya vitabu, na jukwaa wakaliacha liwe pambo la siku ya sherehe. Hoja hii ya mwisho ndiyo iwanyamazishayo wengi, maana imevaa vazi la historia. Lakini vazi lenyewe ni la kuazima, na shule moja ya London yatosha kulivua.

Mwaka 1561 chama cha Merchant Taylors, yaani washonaji wa London ambao zamani hizo walikuwa wamekwisha kuwa matajiri wa biashara, kilianzisha shule katika sehemu ya jumba la kale liitwalo Manor of the Rose, katika njia ya Suffolk Lane. Mkuu mmoja wa chama hicho, Richard Hilles, alitoa pauni 500 kusaidia ununuzi. Nafasi ziliwekwa 250. Watoto 100 wa maskini walisoma bila ada. 50 wa maskini wenye nafuu kidogo walilipa shilingi 2 na peni 2 kila robo ya mwaka. Na 100 wa wenye uwezo walilipa shilingi 5. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa Richard Mulcaster, mtu wa kaskazini karibu na mpaka wa Uskochi, naye alikaa katika kazi hiyo miaka 25.

Mwaka 1562 walikuja wakaguzi, wakuu wa dini na wanazuoni, kuwapima wanafunzi. Waliridhika na maendeleo yao, ila waliona kosa moja: walimu wasaidizi, kwa kuwa walizaliwa kaskazini, hawakuwafundisha watoto kutamka maneno kwa ufasaha kama ilivyopasa. Msomaji na atue hapa kidogo. Ukaguzi wa kwanza wa shule hii haukulalamikia uchache wa vitabu wala upungufu wa sarufi ya Kilatini. Ulilalamikia midomo. Elimu ilikwisha kuingia kichwani, lakini ilipotakiwa kutoka ilikwama menoni.

Yaliyofuata yajulikana. Katika miaka ya 1570 wanafunzi wa Mulcaster walicheza mbele ya Malkia Elizabeth, na Februari 1583 waliitwa tena barazani kwake kuonyesha mchezo wa Ariodante na Genevora. Mmoja wa wanafunzi hao, James Whitelocke, aliandika baadaye habari za maisha yake, na humo akashuhudia kuwa mwalimu wao alipeleka michezo barazani kila mwaka, kwamba wachezaji hawakuwa wengine ila wanafunzi wake, na kwamba kwa njia hiyo aliwafundisha adabu njema na ujasiri. Alishuhudia pia kuwa mwalimu huyo alimfundisha muziki, wa sauti na wa ala. Maneno haya yana uzito kwa sababu ya aliyeyasema. Whitelocke hakuwa mchezaji wa riziki ajisifiaye kazi yake, alikuwa jaji. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza mawakili wakijenga na kubomoa hoja alijua ni wapi ulimi wake ulinolewa, naye akapataja.

Ni kweli kwamba katika madawati hayo walikaa pia Edmund Spenser, mshairi. Thomas Kyd, aliyeutungia ukumbi wa London msiba uliopendwa kuliko mingi ya wakati wake. Na Thomas Lodge, ambaye hadithi yake ya mwaka 1590 Shakespeare aliigeuza kuwa mchezo. Watetezi wa jukwaa hupenda kuyataja majina haya kama mtu ahesabuye mbuzi zake. Wanakosea wakidhani kuwa orodha ni ushahidi. Wavulana wengi walipita katika shule ile wasiandike hata beti moja. Lakini kosa la wapinzani ni kubwa zaidi. Asemaye kuwa jukwaa huharibu usomi na aeleze habari za Lancelot Andrewes, mwanafunzi wa mwalimu huyo huyo, aliyekuja kuongoza kundi moja la wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Ikiwa michezo ya mwalimu Mulcaster ilikuwa sumu, ilikuwa sumu ya ajabu, maana haikumdhuru hata mtu mwenye lugha nyingi kuliko wengi wa zama zake.

Sasa yatazamwe ya mwaka 1574. Wanafunzi walikuwa wakicheza katika ukumbi wa chama chenyewe, na watu wakiingia kwa kulipa. Mwaka huo wakuu wa chama walipiga marufuku michezo ukumbini humo. Kwa nini? Hawakusema kuwa watoto wameacha masomo. Hawakusema kuwa Kilatini kimeshuka. Walinung'unika kuwa kila mtu duni, akiisha kutoa peni yake moja, alijiona astahili kiti bora, bila kujali umri wala cheo cha mtu, hata wenye ukumbi na wageni wao wakakosa nafasi katika nyumba yao wenyewe. Hii ndiyo siri ya uadui wa jukwaa la shule, imeandikwa kwa mkono wa adui mwenyewe. Kilichoogopwa ni mchukuzi wa mizigo kuketi mbele ya tajiri. Basi anayetumia mfano wa Waingereza kuondoa mchezo shuleni na ajue anashika mkia wa hoja gani: si hoja ya mwalimu, ni hoja ya wenye viti.

Jambo jingine lawapasa hasa wanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 1582 Mulcaster alichapa kitabu cha Elementarie, akitetea lugha ya Kiingereza katika zama ambazo wanazuoni wengi waliiona kuwa lugha ya sokoni, isiyoweza kubeba elimu kama Kilatini. Aliweka humo orodha ya maneno ipatayo 8,000, akataka mtu atokee atunge kamusi. Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1604. Je, ni kwa sadfa kwamba mtu aliyewapandisha watoto jukwaani ndiye aliyeitetea lugha yao? Mwalimu akaaye kimya na kitabu aweza kuidharau lugha ya mama zao maisha yake yote. Mwalimu aliyesikia kila mwaka vijana wakisema kwa sauti mbele ya watu hujua lugha hiyo ina nguvu gani. Mwalimu Nyerere alipoutia mchezo wa Julius Caesar katika Kiswahili, mwaka 1963, alikijaribu Kiswahili pale pale: mahali ambapo neno lazima lisikike hadi safu ya nyuma.

Haifai kumpamba Mulcaster kupita kiasi. Sifa ya ukali wa fimbo yake ilidumu baada ya kufa kwake. Katika kitabu chake cha mwaka 1581 alitetea elimu ya wasichana, lakini shuleni kwake hakuwapo hata mmoja. Na mshahara wake ulikuwa pauni 10 kwa mwaka, Hilles akimwongezea 10 nyingine kutoka mfukoni mwake. Nyongeza hiyo ilipokatika, ugomvi ulianza, na mwaka 1586 mwalimu akajiuzulu. Hakuna ajabu: wapendao matunda ya jukwaa si lazima wapende kulipia mbolea.

Shule yenyewe ingali hai. Ilihamia Charterhouse Square mwaka 1875, na mwaka 1933 ikaenda Sandy Lodge, nje ya jiji, nayo leo ni shule ya ada yenye kutoa misaada kwa baadhi ya wanafunzi. Katika shule za serikali za Uingereza mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kipimo cha kuzipima shule za sekondari kwa Kiingereza, hesabu, sayansi, historia au jiografia, na lugha. Sanaa haikutiwa hata moja. Walimu wakuu wakafanya lile ambalo kila mpimwaji hulifanya, na watahiniwa wa somo la maigizo wakapungua sana. Ilichukua miaka 15 hadi serikali, Novemba 2025, ilipotangaza kuwa kipimo hicho kitaondolewa. Katika miaka hiyo, mtoto wa mwenye ada hakunyimwa jukwaa lake. Aliyelikosa ni yule wa shule ya bure, mrithi wa wale 100 wa Suffolk Lane. Wenye viti walikuwa wamerudi ukumbini, safari hii wakiwa wameshika jedwali la matokeo.

Wala wasaidizi wa jukwaa hawakusaidia walipoingia baraza hilo wakidai kuwa maigizo huinua alama za hesabu. Huko ni kukubali kesi kabla haijasikilizwa. Wakaguzi wa mwaka 1562 hawakuuliza kama ufasaha huzidisha maarifa ya hesabu. Waliuhesabu kuwa maarifa, wakaona haupo, wakaandika kuwa ni kosa la shule.