Baga la Ghorofa Tatu na Kava la Laki: Tunalipia Kitu au Tunalipia Picha?

Hivi wadau, mmeona baga za Mikocheni siku hizi? Zinajengwa, hazipikwi. Nyama tatu, chizi inamwagika mpaka mezani, soseji juu, yai juu ya soseji, halafu kijiti kirefu kimechomekwa katikati ili jengo lisianguke. Mdomo wa binadamu haufunguki kiasi hicho! Ndiyo maana ukipita migahawa ya barabara ya Mwai Kibaki Jumamosi jioni utaona watu wanapiga picha dakika kumi, kisha wanaomba kisu na uma, na nusu inabaki kwenye sahani. Bili ikija, elfu thelathini imekwenda.

Mchezo huu tumeuiga. Mwaka 2015 mgahawa wa Pâtissez wa Canberra, Australia, ulianza kuuza milkisheki iliyobebeshwa krimu na vitamutamu mpaka ikafurika. Picha zikasambaa Instagram, miji mingine ikafuata. Kamera ikaanza kula kwanza, tumbo baadaye.

Sasa angalia pembeni ya hiyo sahani. Simu imelazwa kifudifudi makusudi, nembo ionekane. Kava la silikoni la Apple huko Marekani linauzwa dola 49, yaani zaidi ya laki moja ya kwetu, na likifika Dar kila mkono uliolishika umeongeza chake. Ni silikoni jamani, haipigi simu wala haitumi pesa.

Hao hao Apple Oktoba 2021 walitoa kitambaa cha kufutia kioo kwa dola 19, na oda zikajaa mpaka watu wakasubiri wiki kadhaa. Kitambaa! Mwaka mmoja kabla, iPhone 12 ilipotoka, waliondoa kichwa cha chaja kwenye boksi wakasema wanatunza mazingira. Ukikitaka, unakinunua pembeni. Machi 2021 wakala wa kulinda walaji wa São Paulo, Brazil, akawapiga faini kwa hilo. Sisi huku tukasema tu "ndo simu za kisasa".

Kwa hiyo baga lile na kava lile ni biashara moja. Sehemu kubwa ya hela unailipia uonekane unacho.

Na hapo ndipo wanapoingia mastaa wetu. Yule unayemfuata, jina kaa nalo mwenyewe, mara nyingi baga lile hakulilipia. Kaitwa, kalishwa, kapost, na pengine kapewa bahasha juu. Kava kaletewa na duka ili alitaje. Yeye yuko kazini pale. Wewe unayepanda daladala mbili kutoka Mbagala kwenda kukaa kiti kile kile unalipa bei kamili, halafu mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita unakimbilia mikopo ya kausha damu. Nani anamlisha nani hapo?

Sisemi tusile bata. Mtu amefanya kazi mwezi mzima, akitaka kujipongeza ni haki yake. Wala sisemi ukimbilie chaja ya buku tatu ya kwenye meza ya barabarani. Rahisi ni ghali. Umeme wa ukutani ni volti 230, simu inataka chache sana, na kinachovitenganisha ni ule utumbo mdogo ndani ya kichwa cha chaja. Feki wanabana pesa hapo hapo. Ikikosea, simu inaungua, au kitanda, au wewe.

Katikati kuna njia. Kuanzia 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unataka simu mpya zinazouzwa kwao zichajiwe kwa USB-C, na iPhone ilishahamia huko tangu iPhone 15 ya mwaka 2023. Maana yake waya mmoja mzuri unachaji iPhone yako, Samsung ya mdogo wako na Tecno ya jirani kama ina tundu hilo. Ukishuka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, usiulize nembo kwanza. Uliza wati ngapi, waranti miezi mingapi, na dai risiti ya EFD. Muuzaji akianza kukwepa risiti, endelea duka la pili.

Na chakula hivyo hivyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule jamaa wa chipsi mayai na mishkaki kona ya mtaani kwako hajawahi kumlipa staa hata mmoja, na saa mbili usiku foleni yake imefika barabarani. Watu wanakula, wanamaliza, wanarudi kesho.

Jipime hivi: kama simu ingezimika chaji na hakuna wa kukupiga picha, ungelinunua bado? Kama jibu ni ndiyo, kula kwa raha zako. Kama ni hapana, hiyo elfu thelathini ina kazi nyingine. Wewe mara ya mwisho ulilipia nini, kitu au picha?