Chungu cha Sikukuu Bila Nyama: Mgonjwa Asitengewe Sahani Yake

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya mwezi Desemba, mabasi yatokayo Dar es Salaam, Tanga na Arusha hushusha wana wa Upare katika vituo vya barabara ya Same hadi Mkomazi: Kisiwani, Maore, Ndungu, Kihurio na Bendera. Katika nyumba nyingi za tambarare hizo, kama ilivyo huko milimani, chungu cha sikukuu hujulikana kabla hakijafunuliwa. Ni ndizi za kupika zilizochanganywa na nyama, vitunguu, karoti na nyanya, zikaachwa zichemke taratibu hadi rojo lake liwe zito. Waislamu wa Bendera huwa na chungu kama hicho Idi inapowadia, nacho hakitofautiani sana na cha jirani zao wa Krismasi.

Mezani, hata hivyo, kuna mtu ambaye chungu hicho humtia mashakani. Huyo ni mzee mwenye shinikizo la juu la damu, au bibi mwenye kisukari, au baba ambaye kidole gumba cha mguu humvimba na kumuuma kila anapokula nyama nyingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban asilimia 26 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Kwa hiyo, familia ya watu wazima kumi inapokaa kula pamoja, si ajabu wawili au watatu kati yao wakawa wagonjwa, na pengine baadhi yao hawajijui.

Kliniki huwapa wagonjwa hao ushauri unaofahamika: punguza nyama, punguza chumvi, ongeza mboga. Ushauri huo ni sahihi, ila mara nyingi huishia hapo. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mgonjwa anayerudi nyumbani na katazo pekee, bila kuelezwa chakula kitakachochukua nafasi ya kilichokatazwa, amerudi mkono mtupu. Familia nayo, kwa nia njema, humtengea sahani yake: ndizi zilizochemshwa kwa maji matupu, zisizo na ladha wala harufu. Watoto humuuliza kwa nini chakula chake ni tofauti, na wageni humwonea huruma. Ikifika siku ya pili ya sikukuu, huisukuma kando sahani hiyo na kujipakulia katika chungu cha wote. Baada ya Mwaka Mpya hurudi hospitalini akiwa na miguu iliyovimba, pumzi zikimbana usiku na shinikizo likiwa limepanda.

Hoja ya makala haya ni kwamba kinachopaswa kubadilishwa ni chungu cha wote, wala si sahani ya mgonjwa. Chungu kikuu cha sikukuu kipikwe bila nyama, kwa ustadi na kwa heshima ileile. Anayetaka nyama achomewe au apikiwe pembeni, ijipakuliwe kwa kiasi. Mpango huo haumnyimi mgeni kitu, na mgonjwa hulipata jambo ambalo dawa haiwezi kumpa, yaani kula pamoja na watu wake bila kuonekana mgonjwa.

Wapo watakaosema kuwa sikukuu isiyo na nyama ni dalili ya ufukara. Hofu hiyo ina mizizi, kwa kuwa kuchinja mbuzi kwa ajili ya mgeni ni lugha ya heshima inayoeleweka kote Upare. Hata hivyo, historia ya jiko la Kipare haijawahi kutegemea nyama peke yake. Makande, chakula ambacho Watanzania wengi hukihusisha na Wapare, ni mahindi na maharage, na hakuna anayekihesabu kuwa pungufu kwa kukosa nyama. Aidha, tangu wamisionari wa Kiadventista walipofika Giti, Upare ya kusini, mwaka 1903, zimekuwapo familia ambazo kwa sababu ya imani huchagua kutokula nyama kabisa, na bado huandaa karamu. Ujuzi huo basi umo vijijini tayari, umekaa tu katika majiko ya wachache.

Je, chungu kisicho na nyama kinaweza kumshibisha mtu na kumjenga mwili? Kwa watu kumi, nusu kilo ya maharage makavu na kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa humpa kila mlaji takriban gramu 15 za protini. Kiasi hicho hukaribiana na protini iliyomo katika kipande cha nyama ya ng'ombe cha gramu 60. Tofauti ni kwamba maharage huja na nyuzinyuzi, ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu na kusaidia kushusha lehemu. Kwa mwenye jongo kuna habari njema zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulionyesha kuwa nyama na samaki kwa wingi viliongeza hatari ya kupata jongo, lakini mboga na jamii ya kunde zenye purini nyingi hazikuiongeza.

Hata hivyo, kuondoa nyama si tiba yenyewe. Kosa linalofanyika mara nyingi ni mpishi kuiondoa nyama, kisha kuitafuta ladha yake katika vidonge vya supu na viungo vya paketi, ambavyo sehemu kubwa ya uzito wake ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Chungu cha namna hiyo kinaweza kummalizia mlaji kiwango chake cha siku nzima kabla ya chakula cha jioni, nacho kikaitwa chakula cha afya kwa sababu tu hakina nyama. Kwa mgonjwa wa moyo au wa shinikizo, bora kipande kidogo cha nyama kisicho na chumvi nyingi kuliko chungu cha mboga kilichojaa vidonge.

Ladha lazima itoke kwingine, na kwa bahati nzuri Same imebarikiwa. Tangawizi ya Mamba Myamba hulimwa milimani, hatua chache kutoka tambarare. Ikitwangwa pamoja na kitunguu saumu, hubeba sehemu kubwa ya kazi ambayo chumvi ilikuwa ikiifanya. Upishi wenyewe hauna siri. Maharage hulowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa, kisha huchemshwa katika maji mapya. Yatokote kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi kabla ya moto kupunguzwa, kwa sababu maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Nyanya na ndimu zisitiwe mapema, kwani ukali wake huyafanya yachelewe kulainika.

Maharage yakikaribia kuiva, vitunguu hukaangwa katika sufuria nyingine kwa mafuta kidogo na moto wa taratibu, hadi vigeuke rangi ya dhahabu. Hapo ndipo ladha nzito ya chungu inapozaliwa, na asiye na subira ndiye hukimbilia vidonge. Hufuata tangawizi, kitunguu saumu, karoti na nyanya. Ngogwe au bilinganya zilizobabuliwa kwanza juu ya makaa huongeza ile harufu ya moshi ambayo walaji wengi hudhani ni ya nyama. Ndizi zilizomenywa, zipatazo vidole 30, hutiwa pamoja na maharage na maji yake, zikachemka hadi zilainike. Mwishoni huongezwa karanga zilizokorogwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha maji ya ndimu moja. Chumvi iwe kijiko kimoja na nusu cha chai kwa chungu chote, na itiwe mwishoni, ulimi unapoihisi zaidi. Kila mlaji atapata chini ya gramu moja. Tui la nazi linapendeza, lakini lina mafuta mengi yanayoganda. Wenye lehemu nyingi wafuate karanga.

Wahudumu wa afya wanapaswa kukumbuka kuwa chungu hiki hakiwafai wote kwa namna moja. Wa kwanza kuangaliwa ni mgonjwa wa figo. Utafiti uliofanyika eneo la Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima waliopimwa: asilimia 15.2 mjini na asilimia 2 vijijini. Wana wanaorudi Bendera kutoka mijini kwa sikukuu huenda wakawa ndio wenye tatizo hilo zaidi ya wazazi wao waliobaki kijijini. Figo zikishindwa sana, madini ya potasiamu hubaki katika damu na yanaweza kuusimamisha moyo. Ndizi na maharage vina potasiamu nyingi. Mgonjwa wa namna hiyo apikiwe ndizi zilizokatwa vipande vidogo, zikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa. Kiasi cha ndizi na cha maharage apangiwe na daktari au mtaalamu wa lishe anayejua vipimo vyake.

Wa pili ni mgonjwa wa kisukari. Kwake ndizi ni wanga, hazihesabiwi kuwa mboga. Nusu ya sahani yake iwe mchicha, kabichi au mboga nyingine za majani, robo iwe ndizi, na robo iwe maharage.

Wa tatu ni mama mjamzito na mtoto mdogo. Hawa wasinyimwe nyama kwa jina la afya ya babu yao. Madini ya chuma yaliyomo katika nyama hufyonzwa kwa urahisi kuliko yale ya maharage, na mtoto anayeanza kula anahitaji nyama, dagaa, mayai au maziwa ili akue. Wakila chungu hiki, wamalizie na chungwa au embe, kwa kuwa vitamini C husaidia ufyonzaji wa chuma. Chai isubiri angalau saa moja baada ya mlo, kwani huuzuia ufyonzaji huo. Aliyeacha kabisa vyakula vyote vitokanavyo na wanyama apimwe na kushauriwa kuhusu vitamini B12, ambayo mimea haiitoi.

Mipaka hii haiidhoofishi hoja iliyotangulia. Inaonyesha tu kwamba ushauri wa lishe ni tiba kamili, wenye kipimo chake na tahadhari zake, nao unastahili muda uleule anaopewa mgonjwa anapoelezwa dawa. Dakika tano za kliniki ya mwezi Novemba, zikitumiwa kuuliza ni nani atakayepika sikukuu hii na chungu kitakuwa na nini, zinaweza kuzuia kitanda kimoja kujaa mwezi Januari. Inafaa zaidi mpishi mwenyewe aalikwe kuja na mgonjwa, kwa sababu mara nyingi katazo hupewa mtu asiyeshika mwiko.

Familia za Bendera, na za Upare kwa jumla, haziombwi ziache nyama. Zinaombwa zichague ni kipi kikae katikati ya meza na ni kipi kikae pembeni. Kwa miaka mingi nyama imekaa katikati na mgonjwa akakaa pembeni. Sikukuu ijayo vibadilishane nafasi.